Msugua Migongo, Kulia na Kushoto

Basi lilikuwa limekwisha kuacha kituo cha mapumziko na kushika barabara kuu ya kusini, ndipo Haewon alipoinua macho kutoka kwenye karatasi zake, akaona wanafunzi wenzake wote wamegeuka kuwa wanawake wa miaka sitini.

Walivaa makoti mekundu ya kupandia milima. Hata yeye alivaa la namna hiyo, aliloazima kwa shangazi yake. Ndiyo maana Bi Maksun, mwenyekiti wa chama chao, alipohesabu vichwa na kupata kimoja zaidi, aliyalaumu macho yake tu, akamwambia dereva aondoe gari.

"Wewe ni wa nani?" akauliza jirani yake, huku akimmenyea yai.

"Si wa mtu, mama. Nimepanda basi lisilo langu."

"Kula kwanza. Kupotea na njaa juu, ni mambo mawili hayo."

Na kupotea kwenyewe kulikuwa kubaya. Saa nane mchana, mjini Jeonju, Haewon alitakiwa asimame mbele ya Profesa Eom amchambue mhusika wa filamu kwa nadharia za utambulisho. Asiyetokea hupata sifuri, na sifuri yake ya kwanza alikwisha kuipata. Ya pili ni ya kufukuzwa chuo. Wanawake hawa walikuwa wakienda kutazama majani mekundu ya mlima Naejang. Jeonju ilikuwa kando ya njia yao, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi.

"Tutapiga kura," Bi Maksun akasema kwenye kipaza sauti, ambacho hakukiweka chini tangu alfajiri. "Lakini atuambie kwanza anakwenda kusema nini. Sicheleweshi chakula changu kwa mambo nisiyoyajua."

Haewon akapokea kipaza sauti, akasimulia. Polisi anatumwa ajifanye msugua migongo katika bafu la umma ili amnase jambazi. Anasugua watu miaka mitatu. Siku jambazi anapokuja na kulala kifudifudi mezani, polisi anamsugua mpaka nyuma ya masikio, anamwuliza kama maji yamekolea moto, halafu anamwacha aende zake.

"Nadharia inasema mtu hana nafsi moja," akaendelea. "Ana nafsi kwa kila kundi lake, na mahali alipo ndipo panapoiamsha mojawapo. Mle bafuni, yule alikuwa msugua migongo."

"Alikuwa polisi mpumbavu," akasema Bi Maksun, aliyekaa upande wa kushoto.

"Msugua migongo," akadakia mama mmoja wa kulia. "Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na moja. Mtu akishalala mezani humwulizi anaishi kwa lipi."

"Usimsikilize, mwanangu. Hawa wa kulia ni wabishi tangu asubuhi."

"Na wa kushoto ndio waliomaliza machungwa."

Viti vyenyewe waligawana alfajiri ile ile, kwa kuokota vijiti. Lakini kabla ya kilomita kumi kwisha, ndani ya basi mlikuwa na mataifa mawili. Kushoto wote walikuwa wa polisi, kulia wote wa msugua migongo, hata wale waliokuwa wakikoroma wakati wa kusimuliwa. Dereva, Bwana Pyo, aliwaambia wakae wafunge mikanda. Wakamwuliza yeye ni wa wapi. Akasema hana upande. Wa kushoto wakamshangilia, maana kiti chake kiko kushoto.

Haewon alikuwa ameikariri nadharia ile miezi miwili bila kuiamini. Moyoni aliona polisi alimhurumia jambazi, basi. Sasa kicheko kilianza kumpanda kutoka tumboni.

"Mama mwenyekiti, hebu njoo ukae huku kulia. Kidogo tu."

Bi Maksun akahama. Akasogezewa wali uliofungwa kwa mwani, akawekewa mto mgongoni, akaombwa aanzishe wimbo. Ulipokwisha, aliwageukia wa kushoto.

"Nyie wenzetu, bafu mnalijua au mnalisikia?"

"Dada mkubwa, sasa hivi tu ulikuwa wa polisi," akalia mmoja.

"Nilikuwa nimekaa vibaya."

Haewon alicheka mpaka karatasi zikamtawanyika sakafuni, na waliompokelea kicheko hawakujua wanachekea nini.

Kura ikapigwa, na hakuna aliyepiga kwa huruma. Kushoto walitaka profesa awaambie wa kulia kuwa ni wajinga, na kulia walitaka vivyo hivyo. Mpinzani hakupatikana.

Saa nane kasoro dakika nne, wanawake thelathini na mmoja wenye makoti mekundu waliingia ukumbini, wakakaa kushoto na kulia kama walivyokaa njiani. Haewon hakuzitazama karatasi. Aliwaeleza filamu, kisha akaeleza basi. Profesa Eom alipoulizwa na mama yule wa bafuni ni upande upi ulio sahihi, alijibu kuwa swali hilo haliwezi kupimwa. Pande zote mbili zilimpigia makofi, kila mmoja ukijua umeshinda.

Haewon alifaulu kwa alama za wastani, kwa kuwa alipitisha muda kwa dakika ishirini. Sasa anafanya kazi katika ofisi ya bima mjini Daejeon. Profesa Eom alistaafu. Naejang hawakufika siku ile. Mwezi wa Desemba chama kiligawanyika kuwa viwili, na Bi Maksun anaongoza kile cha kulia. Bwana Pyo huwaendesha wote, hawa Jumamosi, wale Jumapili.