Korido Isiyo na Antena

Fundi mitandao wa hospitali alikuwa anamalizia chai iliyokwisha kupoa, mbele ya skrini yake kando ya mlango wa upasuaji, wakati mama yake alipopotea.

Hakupotelea mbali. Alikuwa akisukumwa kitandani kutoka wodini kwenda chumba cha upasuaji, mkononi amevaa bangili ya kupima moyo. Bangili iliwasiliana na antena za darini, na mgonjwa akisogea, mtambo mkuu ulimtoa kwa antena moja na kumkabidhi kwa nyingine, kama mgeni anavyosindikizwa hadi kwa jirani. Korido ya katikati tu ndiyo haikuwa na antena. Antena yake Mkurugenzi aliihamishia ofisini kwake, simu zake zisikatikekatike. Basi wagonjwa walitoweka vitandani hapo kidogo, wakarudi kwenye mlango wa pili. Watu walishazoea.

"Kwa kawaida mlangoni kitanda kinakuwa kizito tena," alisema msukuma vitanda, ambaye wenzake walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo. "Leo bado chepesi, dada."

Skrini ilionyesha kwamba antena ya wodini ilikuwa imeshamwachia mama, na ya upasuaji haijampokea. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa kusimama kizingitini mpaka akaribishwe, hata kwa watoto wake.

Fundi akaziongezea nguvu antena zote mbili mpaka mawimbi yao yakakutana katikati ya korido. Kisha akauamuru mtambo: ya upasuaji imwite kwanza, ya wodini isimwachie mpaka aitikie.

Kitanda kikalia kwa uzito.

"Nilikuwa nangoja kukaribishwa," mama alisema. "Ningejiingilia tu? Na wewe mbona umekonda hivyo?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Hajawahi kufurahia kusemwa kama siku hiyo.

"Kule tuko wengi," mama aliongeza wakati anaingizwa. "Kuna bibi mmoja mfupi, baridi inamtesa."

Fundi aliwaita na hao wengine, lakini namba za bangili zao zilikuwa zimeshapewa wagonjwa wapya. Mtambo ulijibu kwamba wenye namba hizo wote wako wodini. Akapanda kwa Mkurugenzi kuomba antena irudishwe.

"Mtambo unasema wapo," Mkurugenzi alijibu, kiganja kimeziba simu. "Sasa wewe unamtafuta nani?" Akarudi kwenye mazungumzo yake, yaliyosikika vizuri sana.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kuruhusiwa, Breki alimsukuma mama kwenye kiti cha magurudumu, polepole kwa mara ya kwanza, na fundi akatembea kando amemshika mkono, moyo mweupe. Katikati ya korido mama aliomba wasimame. Alijifunua blanketi lake zito, akalikunja vizuri na kulinyoosha mbele.

Likachukuliwa.

"Na shuka, kama ipo," ilisema sauti ya bibi. "Jana wameongezeka wawili."