Kikohozi kwenye Matuta ya Brokoli

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni fundi cherehani alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, kwenye tuta la pili la brokoli, akitoa viwavi kwa vidole na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji ya sabuni. Mume wake, aliyefariki miezi mitano nyuma, alitokea mlango wa jikoni akauliza kama chandarua kilitosha.

"Kimepungua upande wa ukuta," alisema fundi. "Nimekiungia pazia kuukuu."

"Kipepeo mweupe atapita hapo. Yule akiona tundu tu, keshataga."

Wifi yake fundi, dada wa marehemu, alichungulia dirishani. "Kaka, umepita na viatu vya tope na mimi nimedeki sasa hivi! Hata kufa hakujakufunza adabu?"

Marehemu aliomba radhi. Alikuwa na ovaroli ileile ya kazini, maana alikuwa mpuliza dawa kwenye shamba kubwa la mboga, miaka kumi na moja, bomba mgongoni na leso mdomoni. Barakoa aliahidiwa kila mwaka. Aliinama juu ya brokoli akakohoa, kikohozi chake kilekile kikavu. Vidukari wakapukutika kwenye majani. Viwavi wakajikunja, wakafa.

Fundi alinusa, akaketi hapohapo kwenye udongo akalia. Harufu ile aliijua. Alikuwa ameifua kwenye nguo miaka yote kumi na moja, na ndiyo maana aliapa kwamba bustanini kwake tone la dawa halitaingia. Alipanda vitunguu katikati ya brokoli, akashona chandarua, akaokota wadudu mmoja mmoja. Sasa dawa imekuja kwa miguu yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo watu. Hapa kifo chenyewe kilifichwa. Cheti kutoka zahanati ya shamba kilisema: pumu ya tangu utotoni.

"Pumu ipi?" wifi hakuchoka kuuliza. "Huyu utotoni akipiga mbizi tunaanza kumlilia ndipo aibuke!"

Fundi alitaka kitu kimoja tu: mstari ule ufutwe, uandikwe ukweli. Alikwenda getini mara tatu. Mara tatu msimamizi wa shamba alimwambia aje kesho.

Marehemu alirudi kila jioni saa ileile. Baada ya wiki bustani haikuwa na mdudu hata wa dawa, wala nyuki. Brokoli zilinenepa zikawa kama vichwa vya watoto, na hakuna aliyezionja. Fundi akapata wazo. Alituma salamu shambani: kwangu kuna brokoli zisizoliwa na wadudu, njooni mwone. Tangu marehemu azikwe, viwavi walikuwa wanalimaliza shamba la msimamizi, naye mwenye shida hana kesho. Alifika jioni hiyohiyo na daftari lake.

"Karibu, pita huku," alisema fundi.

Msimamizi alimkuta marehemu amesimama kati ya matuta. "Aa, kumbe upo? Siku nyingi."

"Nipo, bosi," alisema marehemu, akakohoa. Panzi mmoja aliyekuwa anapita akaanguka.

Msimamizi alichuma jani. Akalinusa, akalisugua kwa kidole, akalinusa tena. "Hii ni dawa yetu," alisema.

Fundi alimsogelea. "Rudia."

"Dawa yetu. Madukani haipo. Imefikaje huku?"

"Imetoka kifuani mwake. Umesikia mwenyewe." Fundi alimnyooshea cheti kwa mikono miwili, na wifi akamwekea kalamu. "Basi andika. Hapo palipoandikwa pumu."

Msimamizi alipokea kalamu. Cheti hakukigusa. Alifungua daftari lake akaandika taratibu, kwa mwandiko mzuri, na wifi akasoma kwa sauti juu ya bega lake: "Mfanyakazi wa zamani amekutwa na dawa ya shamba nje ya eneo la kazi, bila kibali."

Msimamizi akamgeukia marehemu. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe getini. Hiyo ni mali ya shamba."

"Sawa, bosi," alisema marehemu. Hakuwahi kumjibu vingine.

Fundi alishika mkono wa ovaroli kwa nguvu, akausikia mtupu. "Safari hii mtampa barakoa?"

Msimamizi alimtazama marehemu kuanzia viatuni mpaka usoni.

"Ya nini tena?" aliuliza.

Asubuhi marehemu aliripoti kazini. Fundi aling'oa brokoli zote, akazifukia mbali na kisima, akapanda miche mipya na vitunguu katikati. Cheti kimo sandukuni na bado kinasema pumu. Wiki ya tatu kipepeo mweupe alipita kwenye pazia.

Jioni, upepo ukitoka upande wa shamba, kikohozi husikika kikienda mstari kwa mstari. Wifi huacha kudeki akasikiliza.

"Leo wamempeleka kule bondeni," husema.

Fundi huinua jani, akamkuta kiwavi mnene, mzima, anakula. Humwacha kidogo ale, kisha humtumbukiza kwenye kopo.