Darasa la Madirisha

Mimi msanifu majengo ndiye niliyeshikia bango kwamba shule mpya ya msingi tuichore kwenye meza moja na wahandisi wa nguzo, umeme na maji. Wengine huchora kila mtu kivyake, halafu bomba linakuja kutoboa nguzo. Kwetu, hata waya haukugusana na bomba. Nikavimba kichwa.

Mwalimu mkuu, ambaye ni mama mkwe wangu, akaikagua michoro ya darasa. Madirisha mbele, nyuma na kushoto. Kulia mlango na masinki ya kunawia.

“Mkwe, ubao nitautundika wapi?”

Wahandisi wote wakanigeukia mimi. Nikakohoa. Nikataja mwanga, nikataja hewa safi.

“Basi, usijitetee,” akasema. “Nimeshaelewa. Wewe darasani ulikuwa mtu wa kutazama nje.”