Kijiji cha Mwezini cha Fundi Majid

Mwaka ule nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, mume wangu Majid alijenga kijiji cha ujamaa mwezini, juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Nasema meza yangu kwa sababu ni mimi niliyeishonea mpaka nikaipata. Kwa miezi minne nilikata magauni ya watu sakafuni, nimepiga magoti kama mtu anayetafuta sindano, ili wakazi wa mwezini wapate nafasi. Nilinung'unika kila siku, lakini hakuna siku hata moja niliyomwambia aiondoe.

Chanzo chake kilikuwa boksi. Champaklal, mwenye duka la vyombo mtaa wa sokoni, aliletewa na mpwa wake wa Nairobi boksi la chombo cha anga cha plastiki, vipande mia na kitu vya kubandika kwa gundi. Mpwa alidhani mjomba atakiuza. Champaklal aliwatazama wateja wake wa sufuria na karabai, akatikisa kichwa, akampa Majid. Mume wangu alikuwa fundi saa, na tangu ujanani alifanyia kazi barazani kwa Champaklal. Alirudi nyumbani na boksi lile amelikumbatia, miaka yake hamsini na minane, anacheka peke yake.

Juu ya boksi paliandikwa moja kwa sabini na mbili. Nilidhani ni bei ya zamani. Majid alinicheka, kisha akanieleza kwamba kila kitu kimepunguzwa mara sabini na mbili, kwa hiyo mtu wa futi sita anakuwa inchi moja.

"Na nyumba, na ng'ombe, na jembe, vyote hivyohivyo," alisema. "Ukichanganya vipimo, Mama Fakhria, mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila macho yake yatakataa. Ataona mchezo wa watoto tu."

Fakhria ni binti yetu, aliyeolewa Kigoma.

Kwa kipimo Majid hakuwa na mzaha. Alipenda kusimulia habari za babu yake, aliyefika hapa Tabora na misafara na kufungua duka la vitambaa. Siku hizo kitambaa kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo kila mnunuzi alikuja na ndugu yake mwenye mkono mrefu kuliko ukoo mzima. Babu wa watu alimaliza marobota kwa mikono ya mashemeji. Majid akifika hapo hugonga meza na kusema, "Ndiyo maana mimi nataka kipimo kimoja kwa wote!"

Kamati ya sherehe ilikuwa imetangaza maonyesho ya kazi za mikono, watu waonyeshe nchi itakavyokuwa Uhuru ukitimiza miaka mia. Majid hakuuliza mara mbili. Chombo cha anga kingekuwa kinateremsha walimu na mbolea. Kungekuwa na shule, zahanati, ghala, na shamba la mihogo chini ya kioo cha karabai, maana mwezini hakuna hewa. Vumbi la mwezi lilikuwa majivu ya jiko langu, yaliyochekechwa kwa chekeche langu la unga. Wanakijiji, aliotaka wafike arobaini, aliwachonga mwenyewe kutoka vibao vya pembeni vya masanduku ya chai, kila mmoja na jembe lake begani, na kila wiki aliwaongeza wawili watatu.

Siku moja nilikuwa nafuta vumbi, lile la kwetu si la mwezini, nikamchukua mwanakijiji mpya nikajaribu kumwingiza kwenye mlango wa chombo. Kichwa kikagota.

"Huyu aliingilia wapi?" nikauliza.

Majid aliinua uso. "Huyo ni mwenyekiti wa kijiji."

"Na huyu hapa aliyemzidi mwenyekiti?"

"Huyo..." Akafikiri kidogo. "Huyo amezaliwa hukohuko. Mwezini uzito ni mdogo, watu wanarefuka. Gazeti liliandika."

Nikaamini. Mume wangu alisoma magazeti kuliko mtu yeyote mtaani petu, na mimi mwezi nauona wakati wa kufunga na kufungua tu. Niliwatazama wale warefu kwa heshima, nikasema haya, kumbe ujamaa unawapenda.

Kilichonizindua ni majembe. Wiki ya mwisho ya Novemba nilimkamata mwanakijiji wa thelathini na sita, jembe lake refu kuliko mwanakijiji wa kwanza mzima, na swali likanijia: jembe nalo limezaliwa mwezini? Nilikaa kwenye kiti cha cherehani na wale watu wawili mkononi, wa kwanza na wa thelathini na sita. Kisha nikawatafuta wa katikati. Kila mmoja alimzidi mwenzake unene wa uzi tu, lakini uzi juu ya uzi, yule wa mwisho alikaribia inchi mbili.

Kosa hilo mshonaji yeyote analijua. Ukikata mkono wa gauni, wa pili usiukate kwa kuupimia wa kwanza, wala wa tatu kwa wa pili. Rudi kwenye karatasi yako ya vipimo kila mara, ama sivyo nguo ya kumi itamtosha mtu mwingine kabisa. Wanafunzi wangu wote hulifanya mwanzoni. Majid si mwanafunzi. Ana rula ya chuma yenye mistari myembamba kama nywele, na maisha yake yote hakupima kitu bila hiyo. Mtu kama huyo hawezi kupimia kazi mpya kwa kazi ya jana, akapapasa kwa kidole na kuacha kidogo cha kuja kupunguza, isipokuwa kama mistari ya rula haioni.

Mambo mengi yakajipanga yenyewe. Tangu mwaka uliopita alikuwa hapokei saa za mkono. "Takataka za siku hizi," alikuwa akisema, "sipotezi muda wangu." Alipokea saa za ukutani na za kuamshia, zenye skrubu za kushikika. Nikakumbuka na chai aliyomimina nje ya kikombe, akaisingizia birika.

Nikajitanda, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Champaklal. Majid alikuwa ametoka kwenda kuswali adhuhuri.

"Bwana Champaklal," nikasema, "mume wangu haoni."

Champaklal aliweka chini sufuria aliyoishika. Hakujifanya kushangaa, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Ana mtoto wa jicho, Mama Fakhria. Macho yote mawili, la kulia limezidi. Mwaka mzima sasa mimi ndiye namsomea majina kwenye risiti. Aliniapisha."

"Ukakubali?"

"Rafiki yangu wa miaka thelathini analia mbele yangu, nifanye nini?" Akavua miwani yake akaifuta kwa shati, ingawa ilikuwa safi. "Sikiliza. Daktari wa macho anakuja hospitali ya Kitete Jumatatu ijayo, siku tano tu, kisha anaendelea na safari. Nimemwambia Majid. Anasema atakwenda maonyesho yakiisha. Daktari atakuwa ameshaondoka! Anaogopa, shemeji. Anasema leo bado ni fundi anayeumwa macho. Daktari akisema haiwezekani, atakuwa kipofu aliyekuwa fundi."

Nilirudi nyumbani nikimtukana Majid njia nzima, matusi ya kimoyomoyo, na machozi yananitoka. Mwaka mzima nalala kitanda kimoja na mtu, sijui kwamba hanioni.

Kumwambia kwa mdomo nisingeweza. Angekuwa na jibu, kama alivyokuwa na jibu la uzito wa mwezini. Kwa hiyo Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilifuta majivu upande mmoja wa meza, nikawapanga wanakijiji wote thelathini na tisa mstari mmoja, kuanzia wa kwanza kuchongwa hadi wa juzi. Nikamwita. Nikaushika mkono wake nikauweka kichwani mwa wa kwanza.

"Pita nao wote," nikamwambia. "Polepole."

Kidole chake kilianza kupanda. Mwanzoni alikuwa akitabasamu, akidhani namtania. Alipofika wa kumi na tano tabasamu lilipungua. Alipofika wa thelathini alisimama, akarudi nyuma hadi wa kwanza, akaanza upya kwa mikono miwili, huyu kwa huyu. Alipofika mwisho alimshika yule wa thelathini na tisa akampapasa uso, mabega na jembe.

"Nani amechonga hawa?" akauliza.

Nadhani lilikuwa swali la kweli, hakuitambua kazi yake.

"Wewe, Baba Fakhria."

Alivuta kiti akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno makali nilikuwa nayo tayari. Aliinamisha kichwa juu ya ile meza na mabega yakaanza kutikisika, na maneno yangu yote yakaniponyoka. Nilimkumbatia kwa nyuma. Nilimwambia kwamba kipofu au mzima ni wangu, na kwamba Jumatatu tunakwenda Kitete hata kama nitambeba mgongoni, na mtaa mzima ushuhudie.

"Daktari akisema haiwezekani?"

"Utanifundisha mimi saa. Nina mkono mzuri kuliko wako, tazama vishimo vya vifungo vyangu."

"Siwezi kuvitazama," akasema, na hapo tukacheka wote wawili, na kamasi juu.

Daktari alisema inawezekana. Alilifanyia upasuaji jicho la kulia Jumatano, la pili akaliacha kwa safari nyingine. Majid alilazwa chali, macho yote mawili yamefungwa, kichwa kimewekewa vifuko vya mchanga kila upande asigeuke. Hakuruhusiwa kukohoa wala kuinama wala kucheka.

Kijiji kilibaki kwangu na Champaklal. Chombo na nyumba vilikuwa na kipimo sahihi, vilijengwa mapema. Watu ndio walioharibika. Champaklal alitaka tuwapeleke wale wadogo kumi tu, tuwafiche wengine. Nikakataa. Sikuwa tayari kumficha hata mmoja, kila mmoja alikuwa siku ya mume wangu aliyopapasa gizani. Tuliwahamishahamisha mpaka mgongo ukaniuma. Mwishowe tukaweka chombo na nyumba nyuma kabisa, wadogo wakiwa mlangoni, na wengine tukawapanga kwa urefu kuja mbele, wale majitu wakilima ukingoni mwa meza. Champaklal alirudi hatua tatu kutazama, akafumba jicho moja.

"Arre, Mama Fakhria," akanong'ona. "Kijiji kimekuwa na maili nzima!"

Na kweli. Ukisimama mbele uliona watu wa karibu, kisha wa mbali, kisha wa mbali zaidi, hadi chombo kule upeoni. Siku ya maonyesho watu walijipanga mstari kukiona. Zawadi alipata mtu aliyetengeneza trekta kwa mabati, na sina neno naye.

Nilimsimulia Majid kitandani.

"Wale wakubwa umewaweka wapi?" akauliza.

"Mbele."

Kifua chake kikaanza kuruka. Nesi Apolinaria alikuja mbio. "Mzee, umekatazwa kucheka! Na wewe mama, toka nje!"

Miwani ilifika mwishoni mwa Januari. Kioo cha kulia kilikuwa kinene mfano wa kitako cha chupa. Nesi Apolinaria alimweleza kwamba jicho lile halina tena lenzi yake, kioo ndicho kitakachofanya kazi, na kwa hiyo kila kitu atakiona kimezidi ukubwa kwa kama theluthi. Atazoea. Majid akaitikia vizuri, tukarudi nyumbani na miwani mfukoni, maana hakutaka kuivaa mbele ya watu.

Aliivaa sebuleni, amekaa, mimi nimesimama mbele yake. Nilikuwa nimevaa gauni jipya na kupaka wanja, upumbavu mtupu kwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu. Niliogopa kuliko siku ya hospitali. Muda wote ule ambao hakuniona, mvi zilikuwa zimefika mbele, na meno mawili ya pembeni yalikuwa yameng'oka.

Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mama Fakhria," akasema, "umenenepa."

"Si umeambiwa kila kitu kitazidi kwa theluthi?"

Niliona midomo yake ikicheza kama anavyofanya akihesabu meno ya gurudumu la saa, na lile jicho lake kubwa likashuka kutoka utosini mwangu hadi viatuni, likapanda tena bila haraka.

"Nikiitoa hiyo theluthi," akasema, "uko vilevile kama siku niliyokuoa."

Nilimwambia hesabu yake mbovu, aipige upya. Wanja wote ulikuwa umeshanitiririka mashavuni. Alisogeza kiti karibu, akarekebisha miwani, akaanza tena kuanzia juu.