Kilo za Watu Watano

Mtu akiniuliza kilo zangu, namuuliza umri wa mama mkwe wake. Kazini kwetu, ghorofa ya nne, tunakoshona sare, nilishatangaza zamani kwamba nina sabini na nane, na nilikuwa tayari kuzikwa na sabini na nane yangu.

Sasa lifti ikagoma na sisi watano ndani. Mwenye jengo huiwasha mara moja tu asubuhi, kwa hiyo lazima tupande pamoja. Fundi wa lifti akatutoa, akasema mwisho wake kilo mia nne, akataka jumla yetu. Tukatazamana kama tumeulizwa nani kaiba.

Bosi wetu, tunayemwita Shangazi, naye alikuwa mmoja wa sisi watano; binti yake anasoma hesabu chuoni, akaja na ujanja wake. Mama yake achague namba kubwa ya siri, ajumlishe kilo zake, aandike jibu na kumpa wa pili. Wa pili ajipime peke yake kwenye mizani nyuma ya pazia, aongeze zake, ampe wa tatu jibu jipya tu. Iende hivyo mpaka irudi kwa Shangazi, naye aitoe namba yake ya siri. Jumla itajulikana, ya mtu haitajulikana. Nilimpenda yule mtoto bure. Nikaandika ukweli mtupu, maana lifti kuanguka si mchezo.

Ikaja mia nne na kumi na mbili.

Kumbe lazima mmoja atumie ngazi. Nikajitia kimbelembele: nitapanda mimi, nawaonea huruma na magoti yenu. Wakanishukuru, nikavimba kichwa. Fundi naye, mtu wa kuhakikisha, akataka wale wanne wazungushe karatasi upya.

Mia tatu na kumi na moja.

Sisi washonaji kutoa na kujumlisha ndiyo kazi yetu ya kutwa, na niliona midomo ikitembea. Binti wa Shangazi akajishika kichwa, hilo hakuliwaza. Mia moja na moja! Machozi yakanilengalenga kwa aibu na hasira, miaka sita ya uongo imekwisha kwa duru mbili za karatasi.

Mkata vitambaa, mkubwa wetu kwa umri, akanivutia kiti. Hata hakucheka.

"Mdogo wangu," akasema, "gauni lako la harusi nililikata mimi, na hawa wote walilishona. Tunakujua una mia na kumi. Hongera, umepungua."