Kamera ya Nyuma

Fundi cherehani wa nyumba ya pili, ambaye mashine yake inatazama barabara, anasema ilikuwa Jumanne, saa tatu kasoro robo asubuhi, naye alikuwa anageuza kola ya shati. Anasema pikapu ya Mizani ilisimama mbele ya geti, ikatia rivasi ili iingie uani kinyumenyume, na hapo hapo kwenye mlango wa nyuma wa bodi, juu ya rangi mpya, zikajitokeza alama za viganja viwili, kimoja baada ya kingine, kama vya mtu anayejishikiza vizuri kabla ya kusukuma. Injini iliunguruma. Gari halikurudi hata shubiri.

"Nikasema, huyo aliye nyuma ana nguvu," anasimulia, na huongeza kwamba kola ilikaa vizuri.

Mizani si jina lake. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka kwa miaka thelathini, na hata wasiompenda hukubali kwamba hakumpunja mtu gunia. Alipostaafu aliifufua pikapu ya marehemu baba yake. Aliirudishia rangi yake ya maziwa, mbao za bodi zikapigwa vanishi, na ndani akaongeza vitu vichache visivyojionyesha: usukani mwepesi, breki za kisasa, mikanda, kitufe cha kuwashia, na pale redio ilipokuwa, skrini ndogo ya kamera ya nyuma. Wapita njia walikuwa wakisimama kuitazama, naye akijifanya hawaoni.

Jumanne ile, rivasi ilipoingia, skrini haikuonyesha ua. Ilionyesha mwanamke aliyeinamisha kichwa, ndala kazibana kwapani, anasukuma.

Mizani aliipeleka pikapu gereji. Fundi umeme, bisibisi nyuma ya sikio, aliitazama skrini kwa muda mfupi tu.

"Kamera nzima, mzee."

"Nzima vipi? Nyuma pale kuna ukuta."

"Hii ni kamera ya nyuma. Inaonyesha nyuma." Akafuta kioo kwa pindo la shati. "Huyu mama mnafahamiana?"

"Hapana," alisema Mizani.

Alikuwa dada yake, toka nitoke. Enzi za baba yao stata ya gari ilikufa na haikubadilishwa. Kila asubuhi baba alikaa kwenye usukani, binti akasukuma. Likishawaka, baba alisimama mbele kidogo, binti akakimbia na ndala zake kwapani, akapanda. Baba alipokuwa mgonjwa alisema mbele ya majirani kwamba gari ni la anayelisukuma. Watu walicheka. Baba hakucheka. Wiki moja baada ya mazishi, Mizani alikaa kwenye usukani akamwambia dada yake, "Hebu nisukumie, nilipashe moto kidogo." Likawaka. Hakusimama. Kwenye kioo cha pembeni alimwona anakimbia huku anacheka, akidhani ni utani. Sasa ni miaka ishirini na mmoja.

Fundi wa rangi aliziba alama za viganja mara mbili, zikarudi kabla rangi haijakauka. Mara ya tatu aliweka kiganja chake juu ya kimoja, akaona vidole vyake vinazidi, akafunika makopo.

"Mzee, hapa hapana kazi ya rangi."

Basi Mizani akawa mtu wa kwenda mbele tu. Alibomoa ukuta wa uani akaweka geti la pili, akawa anaingilia huku, anatokea kule. Mwenye duka alisogeza benchi lake ili pikapu ipate kuzunguka. Skrini aliifunika kwa kitambaa cha kufutia miwani. Mtaa ulizoea upesi. Wanaopita hugonga mlango wa bodi wakasema, "Pole na kazi, mama," kisha wanakuja dirishani kumsalimia yeye kwa adabu ile ile, na adabu hiyo ndiyo inayomtafuna. Fundi cherehani peke yake ndiye hana simile.

"Mzee Mizani! Gari la kitufe, na bado unasukumwa?"

Yeye hupandisha kioo. Kioo ni cha umeme, hupanda taratibu, kwa hiyo kicheko chote hukisikia.

Jumamosi moja, baada ya chai, binti yake alipanda mbele akiwa amevaa vizuri.

"Baba, leo unipeleke kwa shangazi."

"Kichochoro chake hakina pa kugeuzia."

"Si utarudi kinyumenyume?"

"Unajua hairudi."

"Najua," alisema binti.

Alikiondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Kisha akanyoosha mkono, akaitia rivasi yeye mwenyewe. Injini ikaunguruma. Skrini ikawaka. Mwanamke alikuwa pale pale, ila nywele zimeingia mvi, na ndala si zile za zamani.

"Shikamoo, shangazi."

Spika ndogo iliyokuwa ikilia pii, pii, ikanyamaza kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa." Alivuta pumzi bila kuinua kichwa. "Baba yako yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie likiwaka asimame, nami nipande."

Binti alimgeukia.

"Baba, umemsikia?"

Mizani alitazama mbele. Barabara ilikuwa nyeupe, haina hata mbuzi. Alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena.

"Baba."