Nguvu Zilizopimwa Bungoma

Tangu alipoondoka Kitale asubuhi ile, Chelimo hakutulia. Alikuwa amesomea uchumi nchini Uchina, na sasa wafanyabiashara wa Bungoma walimwita awaeleze: nchi ile inayotawaliwa na chama kimoja ina nguvu kiasi gani, na je, tuige? Shida ni kwamba mdogo wake Kigen alikuwa akingoja nafasi ya masomo ya bure hukohuko Uchina. Chelimo aliogopa neno lake lisije likawafikia Wachina likamponza mdogo wake.

Ukumbini alianza vizuri. Alisimulia viwanda visivyolala, treni ziendazo kasi ya ajabu, mamilioni ya watu waliotoka kwenye umaskini. Hashim, muuza vipuri vya pikipiki aliyeandaa mkutano, akapiga makofi.

"Mnasikia? Chama ikisema barabara ipite hapa, inapita! Sisi huku ni siasa tu, bana."

Rispah, mkulima wa miwa kutoka Bokoli, akainuka. "Na kama hiyo barabara inapita kwa shamba yangu, na mimi sitaki?"

Watu wakacheka. Chelimo alimkumbuka mwalimu wake mmoja wa kule Uchina, mzee mpole, aliyesema darasani kwamba Chama nacho hukosea. Wiki iliyofuata aliingia mwalimu mwingine, na hakuna aliyethubutu kuuliza kulikoni. Hata yeye hakuuliza.

"Mama, wako wanaolipwa vizuri wakahama," alisema polepole. "Lakini ukikataa kabisa, ni vigumu kupata wa kukusemea. Zile nguvu ni za kweli, nimeziona. Na woga pia nimeuona."

Akawasimulia habari za yule mwalimu.

Hashim alinuna. "Si tulikuita utuambie mambo ya biashara?"

"Hata shamba yangu ni biashara," Rispah akamjibu.

Jioni Chelimo alimweleza Kigen yote, akizunguka sebuleni. "Huenda nimekuharibia."

Kigen alifikiri kidogo. "Wakiniita nitaenda tu, dada. Nataka uhandisi."

Aliitwa kweli, akaenda. Siku hizi wakizungumza kwa simu, Chelimo humuuliza habari za chakula na baridi. Mengine huyaruka. Na simu ikikatika, huinuka akaanza kuzunguka nyumba, asijue anatafuta nini.